Profesa na Refa Wampima Awiti Bila Kumwona

Asubuhi ile Oketch hakuja kwenye benchi la kahawa mtaani Huruma kupiga domo. Mkewe Awiti, mama wa mtoto wao Willis na sasa mja mzito wa miezi miwili, alikuwa ameanza kutokwa na damu, na mwanamume wa mtaa huu akiogopa haendi hospitali, anaenda kijiweni. Aliwakuta Profesa, fundi wa mifereji asiyekosa jibu, na Refa, mpuliza filimbi wa mechi za mtaa asiyependa kubishiwa. Nuh, muuza kahawa, akawamiminia.

Oketch: Wazee, hiyo damu ni ya nini?

Profesa: Si ni mtungi! Jana alipandisha maji mpaka ghorofa ya sita, ama?

Oketch: Alipandisha.

Profesa: Basi! Presha ikizidi, bomba linavuja. Wahenga walisema damu ni nzito kuliko maji.

Refa: Hiyo ni ya ndugu na jamaa, buda!

Profesa: Kwani Awiti si jamaa?

Refa: Zii, hiyo ni pilipili. Mama akila pilipili, mimba changa inapiga chafya.

Oketch alitaka kucheka, akaikumbuka damu.

Profesa: Ama jirani wa chini. Si alisifu tumbo hata halijatokeza?

Refa: Hapo sasa umeongea! Kijicho hupanda ngazi. Lakini usipaniki, subira huvuta heri. Mpe wiki, hiyo damu itachoka yenyewe.

Wiki. Oketch alikuwa ametafuta neno kama hilo tangu alfajiri. Akashusha pumzi, akaomba kahawa ya pili.

Mourine, mpangaji mgeni, alikuwa nyuma yao akingoja kikombe chake.

Mourine: Na mwenyewe anasema anaumwa wapi?

Oketch akakumbuka Awiti akianza kusema kitu huku yeye akifunga viatu, naye akamjibu, "Utaniambia nikirudi." Aibu ikamshika. Akampigia Awiti simu.

— Ni tumbo, Baba Willis, upande mmoja. Na sasa bega. Nikisimama nyumba inazunguka.

Oketch akayarudia maneno hayo kwa sauti.

Profesa: Bega? Si nilisema ni mtung—

Mourine: Nyamaza! Dada yangu alianza hivyo hivyo. Mimba ilikuwa imekaa nje ya kizazi, inavujia damu ndani, na sisi tukamwambia alale.

Mourine hakumaliza. Oketch alishaanza kukimbia. Refa akaingia katikati ya barabara, akapuliza filimbi mpaka teksi ikasimama. Juu, ghorofa ya sita, Awiti aliisikia, akaanza kujivuta kuelekea mlangoni.