Ugonjwa Uliozoea Dawa: Risala ya Wafugaji wa Kuku wa Kimara, 1974

Mgeni rasmi, Ndugu Mkuu wa Mifugo wa Mkoa, viongozi wa Chama, ndugu wananchi:

UKARIBISHO
Karibu Kimara. Tunajua umekuja kutukagua zaidi ya kututembelea. Hata hivyo, karibu.

HISTORIA NA MAFANIKIO
Tulianza na banda moja la makuti. Leo tuna mabanda matatu, na mayai yetu yanaliwa mpaka hospitalini. Anayelisha kuku tangu siku ya kwanza ni mwenzetu Adelina, mama wa Masasi, ambaye humtambua kuku mgonjwa kwa kumsikia tu anavyokoroma.

MATATIZO
Mwaka jana ofisi yako iliagiza dawa ya unga itiwe kwenye maji kila siku, kuku wawe wagonjwa au wazima. Adelina alitii. Baada ya miezi, kuku wakaanza kuharisha, na dawa ile ile isiwafae kitu. Bwana Mifugo wetu, Ndugu Wilbert, akasema iongezwe. Ikaongezwa. Wakafa mia mbili kwa juma moja.

Adelina akatia mizoga miwili guniani, akapanda basi hadi maabara ya mifugo. Mtafiti wa huko, Ndugu Mwishehe, aliotesha vijidudu vya kuku wetu kwenye kisahani, katikati akaweka kikaratasi chenye dawa. Adelina aliporudi kuuliza majibu, Ndugu Mwishehe akamwonyesha kisahani.

"Dada, dawa ingekuwa inaviua, pembeni pa kikaratasi pangebaki patupu. Tazama, vimeota mpaka ukingoni. Mmevilisha dawa kidogo kidogo, vimeizoea."

Siku zile zile Auleria, mchinjaji wetu, alishikwa na homa na kuhara damu. Alipewa vidonge vya jamii ya dawa ile. Siku tano, hali ikazidi. Adelina akakimbilia wodini, akamweleza daktari aliyoyaona. Daktari akapima, akabadili dawa. Auleria ndiye huyu anayekusomea risala.

Toka hapo Adelina hakugusa tena ule unga.

"Mie siutii tena majini," alimwambia Ndugu Wilbert.

"Amri imetoka juu. Hiyo ni hujuma, dada!"

"Basi andika jina langu."

Likaandikwa. Barua ya kumsimamisha ikatoka ofisini kwako. Hakulia mbele yetu, lakini kila siku alikuja kusimama nje ya uzio, akiwasikiliza kuku.

MAOMBI
Tunaomba maabara iruhusiwe kuchunguza mabanda yote ya mkoa, na dawa apewe kuku mgonjwa tu, tena ile inayomfaa.

Kuhusu Adelina hatuna ombi, tuna taarifa. Tuliagizwa tutie dawa asubuhi ya leo ili uone. Hatukutia. Tumefagia mabanda, tumewatenga wagonjwa, na Adelina yumo ndani anafanya kazi. Sisi ndio tuliomfungulia mlango. Ikiwa hiyo ni hujuma, tuandike sote.

Mungu akupe afya, Ndugu, na moyo wa kusikiliza kabla ya kuhukumu.

Ni sisi,
Ushirika wa Wafugaji wa Kuku, Kimara.