Filimbi ya Marivic Isipulizwe Leo

Ndugu waombolezaji, dada yetu mkubwa, Marivic Dacanay Orpilla, alizaliwa tarehe 11 Machi 1961 hapa San Diego, kifungua mimba wa mpishi wa manowari, akasoma shule za mtaani kwetu hadi chuo, na mwaka 1984 akaajiriwa kwenye vizimba vya jeshi la majini, kuwafundisha pomboo kutafuta mabomu yaliyotegwa baharini, bila fimbo wala kuwanyima chakula, bali kwa filimbi na samaki, kwamba mnyama akipatia, filimbi inalia, na filimbi ikilia, samaki lazima atoke.

Aliolewa na shemeji yetu Wendell tarehe 16 Juni 1990, karamu ikafanyika gatini karibu na vizimba, na mpambe wa bwana harusi, kwa utani wake, akaipuliza ile filimbi, pomboo aitwaye Tilda akatokeza kichwa kungoja chake, basi bibi harusi akaacha keki, akaenda kuchota ndoo ya samaki na gauni lake jeupe, mama mkwe akinung'unika, "Kwani huyu kaolewa na nani?" naye akamjibu, "Mama, nikimdanganya kwa mzaha leo, kesho hataniamini, na mpiga mbizi anayetegua mabomu ndiye atakayekufa." Gauni lile linanuka vibua mpaka leo, msibishe.

Walijaliwa binti mmoja, Jolene, tarehe 4 Mei 1993, ambaye alikua akimwonea wivu yule pomboo, maana sikukuu nyingi kiti cha mama kilikuwa kitupu, na hata filimbi ile alikataa kuigusa, hilo hatulifichi.

Januari 2019 dada alianza kuugua saratani ya kongosho, akafariki hospitalini tarehe 2 Oktoba asubuhi, na tangu alazwe, Tilda, ambaye sasa ni bibi kizee, anawapa kisogo wote wanaompa samaki, amekonda, nasi tuna hofu tutawazika wawili.

Wenzake wa kazini walitaka kumuaga kwa kuipuliza filimbi yake hapa makaburini kilimani, lakini marehemu alikataza, akasema, "Vizimba viko hapo chini, Tilda atasikia, nani atampa?" Kwa hiyo mtuwie radhi.

Tunawashukuru madaktari, majirani mliopika usiku na mchana, na wenzake wa gatini. Tukitoka hapa, Jolene atashuka vizimbani na filimbi shingoni, kwa kuomba mwenyewe, na kama Tilda atakula, hatujui.

Lala salama, dada, ndoo tumeshaijaza.