Barua ya Fundi wa Matrekta

Wiki ile kiwanda cha matrekta kilipofungwa, nilikaa ndani ya basi la Temeke nyuma ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja, Mfaume, alimwonyesha mwenzake barua ya kazi aliyopewa kiwandani, kwa hasira.

"Matrekta yalishuka melini vipande vipande, tukayaunga sie! Injini ikigoma, mzungu anasema mwiteni Mfaume. Leo barua inasema nilikuwa mfagiaji. Nani atanipa kazi ya ufundi?"

Mwenzake, mtu wa bara aliyevaa tai, akaisoma, akaikunja upesi na kumrudishia. Nikajua kuna jambo, maana mtu wa tai hakunji karatasi upesi bure.

"Bwana mkubwa wa kiwanda alisema Waafrika wote tuwaandike wafagiaji," akasema. "Mimi nilipiga taipu tu."

"Kumbe ni wewe! Na barua yako inasemaje?"

"Karani."

"Sasa wewe Mwafrika gani, bwana tai?"

Abiria tukacheka. Karani hakucheka. "Ndugu yangu, ningekataa ningefukuzwa."

"Si tumefukuzwa wote? Iandike upya!"

"Taipu sina, ndugu."

"Mkono unao!"

Basi likasimama. Karani akainuka kushuka. Mfaume naye akainuka, barua mkononi, ingawa kwake kulikuwa bado mbali.