Ukoko Tulioufagia kwa Heshima Yako

Mgeni rasmi, Mkaguzi wa Elimu: mbele yako yupo mwalimu mkuu, wapo walimu, mlinzi, mpishi, na sisi wanachama wa Klabu ya Udongo, tuliokuja wenyewe na tuliofuatwa madarasani.

Makaribisho

Karibu sana. Tunajua umekuja kuamua kama kiwanja hiki kibaki udongo au kimwagiwe zege, kiwe maegesho ya magari. Tunaomba kibaki udongo.

Historia

Katika ardhi kame kama yetu, juu ya mchanga huota ukoko mweusi. Ndani yake mna mwani mdogo wa nchi kavu unaonasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Mna pia wanyama wadogo mno, minyoo na utitiri, wanaoula mwani huo. Tulipowaona kwa hadubini tukawaita wezi.

Mlinzi akatuuliza, "Wajukuu, mnachunga mifugo isiyoonekana?"

"Inaonekana, babu. Wewe ndiye huna hadubini."

Tulijiona wataalamu.

Mafanikio

Udongo wa trei moja tuliukaanga ili wezi wafe, kisha tukaupandikizia mwani na kupanda mtama. Trei ya pili, yenye mtama pia, tuliiacha na walaji wake. Ushindi wa trei ya kwanza tuliutangaza kabla haijaota kitu. Kweli, mwani wake ulinenepa, lakini mtama ukadumaa: mbolea ilibaki imefungiwa ndani ya mwani. Katika trei ya pili walaji walikula, wakaenda haja, na mtama ukanawiri. Wezi wetu walikuwa wapakuzi.

Changamoto

Changamoto kubwa ni sisi. Mlezi wa klabu alisema, "Mgeni anakuja, pang'ae." Jana tukafagia kwa bidii tusiyowahi kuionyesha darasani, mpaka ukoko wa miaka mingi ukaishia jalalani.

Mpishi akauliza, "Sasa mgeni ataoneshwa nini? Mifagio?"

Tukajipanga vizuri, warefu nyuma.

Maombi

Kimesalia kipande kimoja nyuma ya vyoo, kwa kuwa wa zamu walikwepa harufu. Ukione hicho kabla ya kuamua, na makosa yetu usiyahesabie udongo.

Mwenyezi Mungu akujalie macho makali na pua yenye subira. Nasi, Klabu ya Udongo, tunawatangazia wote uamuzi wetu: mifagio imefungiwa stoo, gwaride la mapokezi limefutwa, na utepe wa mgeni kukata umehamishiwa nyuma ya vyoo. Twende kwa mstari mmoja, juu ya mbao, tusije tukakimaliza na hicho.