Concessa Niyonzima na Ng'ombe wa Kroni Elfu Sabini

Concessa Niyonzima atamaliza kazi katika Kituo cha Jirani, Hallonbergen, Uswidi, siku ya Ijumaa tarehe 27 Machi 2026, baada ya utumishi wa miaka ishirini na miwili na karibu miezi saba. Mwenyekiti wa kituo, Bethuel Oduor, aliwatangazia wafanyakazi habari hiyo Jumatatu tarehe 9 Machi, akaongeza kwamba dawati la fomu halitafungwa: Adelina Mushi ndiye atakayelikalia. Concessa alikuwapo mkutanoni. Alimsahihisha mwenyekiti mara mbili, kwanza kuhusu mwaka alioajiriwa, kisha kuhusu idadi ya viti vilivyopo dawatini.

Aliajiriwa tarehe 1 Septemba 2003 kufanya usafi, saa tatu kwa siku. Alikuwa amezaliwa Ngozi, Burundi, na kuishi miaka sita kambini mkoani Kigoma, alikojifunza Kiswahili anachokizungumza hadi leo, Kiswahili cha mtu asiyependa kurudia jambo. Siku hizo mshauri wa kituo alikuja mara moja kwa wiki. Mwenye ndoo alikuwapo kila siku. Watu wakaanza kumpa barua zao awasomee. Alivua glavu, akasoma. Mwaka 2006 alipewa meza. Mwaka 2008 alipewa cheo, naye akaikabidhi ndoo kwa maandishi, pamoja na orodha ya vilivyomo kabatini.

Njia yake ya kazi haijabadilika tangu hapo. Husoma sharti la fomu kwa Kiswidi, halafu kwa Kiswahili, kisha huweka kalamu chini na kumwambia mteja: "Sasa nieleze mimi, kama unavyomweleza mama mkwe." Watu hucheka. Wakishaanza kueleza, ndipo hugundua kwamba hawakuelewa. Hakuna aliyewahi kutoka dawatini na sahihi kabla ya kulieleza sharti hilo kwa maneno yake mwenyewe, hata mwenyekiti, aliyejaribu mwaka 2014 akiwa na haraka ya kuwahi treni. Treni ilimwacha.

Magari ya umeme yalimfikia Julai 2018, serikali ilipoanza kutoa bonasi iliyoitwa klimatbonus. Aliyenunua gari jipya lisilotoa moshi alirudishiwa sehemu ya bei. Concessa hakujua lolote kuhusu magari. Alikwenda katika duka moja la magari Sundbyberg, akaomba kuketi ndani ya gari la umeme, akaketi humo dakika arobaini akisoma masharti na kumuuliza muuzaji maswali kupitia dirishani. Muuzaji alimletea kahawa mara mbili akiamini biashara imeiva. Alipotoka, Concessa alimwambia, "Gari ni zuri. Fomu yenu ndiyo yenye makosa," akamwonyesha mstari. Tangu hapo hadi leo amezisaidia kaya sitini na moja kupata bonasi hiyo, au punguzo la kodi linalotolewa kwa anayefunga chaja ya gari nyumbani kwake.

Kati ya kaya hizo, moja ndiyo inayosimuliwa zaidi.

Njuguna Mbatia, mfanyakazi wa ghala, na mkewe Jennifer, anayehudumia wazee majumbani huko Ekerö, walinunua gari jipya la umeme ambalo Njuguna alilisajili kwa jina lake tarehe 14 Februari 2022. Bonasi yao ilikuwa kroni elfu sabini. Malipo ya kwanza ya gari waliyakopa benki, wakitegemea bonasi ndiyo ilipe mkopo huo. Bila bonasi, gari lingeuzwa na Jennifer angerudi kwenye basi. Jambo hilo walilijua wote wawili, na Concessa alilijua. Sharti lilikuwa wazi pia: bonasi haitolewi siku ya kununua. Hulipwa baada ya miezi sita, na mwenye gari awe ni yule yule. Njuguna alilieleza sharti hilo dawatini, kama kwa mama mkwe, bila kukosea neno.

Jumapili tarehe 29 Mei 2022 ilikuwa Siku ya Mama. Katika ibada ya Kiswahili inayofanyika Hässelby, baada ya matangazo, Njuguna aliomba kipaza sauti. Alimwita Jennifer mbele. Alikuwa na ufunguo uliofungwa utepe mwekundu, na ile karatasi ya manjano ya cheti cha usajili, ambayo mtu akiisaini na kuituma kwa mamlaka, gari linahama jina.

"Huyu mama amepanda basi la saa kumi na moja alfajiri kwa miaka kumi na mmoja," alisema. "Leo basi limekwisha. Gari ni lake. Na si la mdomo tu. Nasaini hapa hapa, mkiona."

Alisaini. Jennifer alisaini huku akilia. Karatasi ikatiwa katika bahasha yenye stempu tayari, maana Njuguna alikuwa amejiandaa, na shemasi Thomas, aliyekuwa akiwahi zamu yake ya kazi, akaombwa aitumbukize posta akiwa njiani. Vigelegele vilipanda hadi dari.

Concessa alikuwa jikoni akipanga vikombe vya kahawa ya kanisani. Alisikia maneno "gari ni lake" kupitia kipaza sauti, akahesabu miezi kwa vidole, akafika mitatu na nusu. Kwa mujibu wa waliokuwa naye jikoni, hakupaza sauti. Alimwambia Xavérine, jirani yake wa kwaya, maneno manne: "Thomas. Bahasha. Kimbia, dada." Kisha akatoka na aproni yake hadi mbele ya kanisa.

Tatizo lake lilikuwa hili. Kusimamisha zawadi mbele ya watu ni kumvua mtoaji nguo. Kuiacha iende ni kulipoteza gari. Kwa mujibu wa mashahidi zaidi ya ishirini, aliomba kipaza sauti kwa tabasamu, akasema amekuja kuipokea zawadi kwa desturi ya kwao.

"Kwetu," alisema, "ng'ombe wa zawadi hatoki zizini siku anapotajwa. Akiwa na ndama anayenyonya, anabaki kwa mtoaji mpaka ndama aache ziwa. Ng'ombe ni wa Jennifer, sote tumeshuhudia, hata malaika wameandika. Lakini kamba inabaki mkononi mwa Njuguna. Kwa sababu gari hili, wapendwa, lina ndama."

"Ndama gani, mama?" mtu aliuliza kutoka nyuma.

"Ndama wa kroni elfu sabini. Anaacha ziwa tarehe kumi na nne Agosti."

Jennifer ndiye aliyecheka kwanza. Aliushika mdomo, akamtazama mumewe, na wote waliokuwa karibu waliona kwamba ameelewa. Njuguna alichukua muda zaidi. Wanaume wa safu ya nyuma walimsaidia: "Njuguna, usichinje ndama!" "Mwache anyonye!" Kanisa lote likaangua kicheko, naye, kwa kukosa la kufanya, akacheka pia.

Concessa hakurudisha kipaza sauti. Aliendelea kwa dakika kumi na moja. Alieleza rangi za ng'ombe, majina ya ng'ombe wa babu yake, na yule mmoja aliyekataa kuvuka mto. Mchungaji alitazama saa mara tatu. Wengi waliona mama amesahau pa kuishia. Ukweli ni kwamba alikuwa akiutazama mlango.

Huko nje Xavérine alimkuta shemasi hatua chache kutoka sanduku la posta, karibu na kituo cha tunnelbana, treni ya chini ya ardhi.

"Shemasi, usitie!"

"Nisitie nini?"

"Hiyo barua!"

"Hii ni ya Njuguna."

"Ndiyo maana!"

Thomas ni mtu wa taratibu. Alisema hawezi kumpa mtu barua ya mtu mwingine. Xavérine, akihema, alimwambia basi wasimame hapo hapo wote wawili mpaka Njuguna aje, na kazini akawaeleze yeye mwenyewe kwa nini amechelewa. Thomas akatoa bahasha. Xavérine aliporudi na kuiinua juu mlangoni, Concessa alikatisha habari za ng'ombe katikati ya sentensi, akasema "Amina," akarudi jikoni. Kahawa ilikuwa imepoa.

Hilo halikumfurahisha kila mtu. Njuguna alifika dawatini Jumanne iliyofuata, akakataa kiti.

"Mama Concessa, umenifanya nionekane mtu anayetoa zawadi kisha anairudisha."

"Bora nikuudhi Mei kuliko unililie Septemba."

"Lakini sijauza gari. Nimempa mke wangu. Biblia inasema sisi ni mwili mmoja."

"Kanisani ni mwili mmoja, mwanangu. Kwenye sajili ya magari ni watu wawili."

Hata hivyo, yeye na Jennifer walizifuta sahihi zao mbele ya Concessa na kuagiza cheti kipya. Njuguna hakumsalimu kwa wiki mbili. Concessa alimsalimu kila alipomwona, kwa jina, kwa sauti, hadi akachoka kutojibu.

Bonasi iliingia mwezi Septemba, yote. Mkopo ukalipwa siku iyo hiyo. Alasiri yake Njuguna na Jennifer walikuja dawatini na karatasi mpya ya manjano, Jennifer akalieleza sharti kama kwa mama mkwe, wakasaini, na vigelegele vikapigwa tena, safari hii na wanawake watatu na mtu wa posta. Gari lingali la Jennifer. Analiendesha kwenda Ekerö hadi leo.

Kuhusu desturi yenyewe ya ng'ombe, kuna mgogoro. Mumewe Concessa, Callixte, alisema mezani mbele ya wageni: "Mama Gilles, miaka thelathini na minane ya ndoa, na mimi Mrundi kama wewe, desturi hiyo sijawahi kuisikia." Jibu la Concessa limenukuliwa mara nyingi: "Wewe ulikulia Bujumbura mjini. Ng'ombe ulimjua kwenye pakiti ya maziwa." Alipoulizwa kwa ajili ya makala haya kama desturi hiyo ipo, alisema sasa ipo.

Si kila jambo lilimwendea vizuri, na yeye mwenyewe ametaka liandikwe. Jumatatu tarehe 7 Novemba 2022 serikali ilitangaza kwamba gari litakaloagizwa baada ya kesho yake halitapata bonasi. Concessa alikuwa na orodha ya watu kumi na wanne waliokuwa bado wanatafakari. Aliwapigia simu wote kabla ya chakula cha jioni. Hakumwambia hata mmoja anunue. Aliwaambia: "Kesho ndiyo mwisho. Kama hukuwa umeamua, usiamue kwa sababu ya simu hii." Wanne waliagiza gari Jumanne. Tisa waliacha. Wa kumi na nne, Mashauri, fundi wa lifti, alikuwa angani kuelekea Mwanza na simu yake imezimwa. Alikuwa ameamua kununua. Alitaka tu kwanza akamwambie mama yake.

Aliporudi, Concessa hakumsubiri dawatini. Alipanda hadi ghorofa ya sita alikoishi, akamweleza mwenyewe uso kwa uso kilichotokea na saa alizopiga simu.

"Ungeniamulia tu, mama," Mashauri alisema. "Ungewaambia ninanunua."

"Siku nitakapoanza kuwaamulia watu, kazi nitakuwa nimeiharibu."

Mashauri baadaye alinunua gari lililotumika. Anasema hana kinyongo, ila kahawa ya Concessa bado hanywi.

Katika miaka yake ya mwisho dawatini amewashughulikia zaidi wanaofunga chaja, na hivi karibuni wanaouliza kuhusu ruzuku mpya ya magari ya umeme, ambayo masharti yake hutazama kipato cha mtu na mahali anapoishi. Wakazi wengi wa Hallonbergen, wenye tunnelbana mlangoni, amewaambia wasijipe matumaini. Ameyasema hayo kwa upole ule ule anaosomea barua za habari njema, na wameondoka wakimshukuru. Adelina, aliyeketi kando yake tangu Januari, anasema hilo ndilo gumu kuliko yote kujifunza.

Kuna jambo moja ambalo wengi wetu hatukulijua hadi mkutano wa tarehe 9 Machi. Mwenyekiti alipouliza kituo kimpe zawadi gani, mtu alipendekeza kitu cha garini. Concessa akasema hana gari, hajawahi kuwa nalo, wala leseni hana. Jennifer, aliyekuwa amekuja na keki, aliweka kisu chini.

"Mama, kaya sitini na moja, na wewe unapanda basi?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi mimi nakuuliza. Nitakufundisha. Kwa gari langu."

Concessa, mwenye umri wa miaka sitini na sita, aliomba kwanza asomewe masharti. Anayejifunza na anayemfundisha lazima wahudhurie pamoja kozi ya utangulizi kabla hawajagusa barabara. Aliyasikiliza, kisha akayaeleza upya kwa maneno yake, na Jennifer akamwambia amepata.

Kituo cha Jirani kinamshukuru Concessa Niyonzima kwa kila barua aliyoisoma hadi mstari wa mwisho, na kwa kila mara aliyotuudhi mapema. Tunamwombea afya, asubuhi zisizo na foleni mlangoni, na mwalimu mwenye subira. Kahawa ya kumuaga itanywewa kituoni Ijumaa tarehe 27 Machi, saa nane mchana. Kozi ya utangulizi, yeye na Jennifer, ni Jumamosi tarehe 11 Aprili, saa nne asubuhi.