Evarist Liganga Hakuwa Mlinzi

Sogeeni karibu, ndugu zangu, ninyi mliosimama nje ya turubai ingieni, akina mama wa jikoni acheni masufuria kidogo, wenye simu zizimeni, nataka kimya, lakini nataka kimya cha msiba, si kile kimya cha kubandikwa ukutani ambacho nitakifikia. Mimi ni Konsolata, dada yake marehemu, shule sikwenda, haya nimeyasema kwa mdomo na mjukuu wangu Careen ameyaandika na ndiye anayeyasoma, maneno ni yangu, akiruka hata moja nitamsimamisha hapa hapa nilipokaa.

Marehemu Evarist Liganga alizaliwa tarehe 12 Aprili 1958, kijijini Mofu, akiwa mtoto wa mwisho wa mzee Beatus Liganga na mama Dorotea, masika hayo maji yalifika kizingitini, mkunga akaletwa kwa mtumbwi, na mama akawa anasema, "Huyu amekuja na maji mengi, atakuwa na maneno mengi." Alibatizwa mwezi Juni mwaka huo huo, njia zilipokauka.

Elimu ya msingi aliipata hapo hapo Mofu, kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 alipomaliza darasa la saba, mimi nikibaki shambani kufukuza ndege kwenye mpunga ili yeye asome, na nalisema bila kinyongo, kwa sababu kila jioni alirudi akanisomea kitabu chake chote, fisi akiongea kifisi, mwalimu akiongea kiualimu, mpaka mama anapiga kelele kutoka jikoni, "Evarist, hao watu wote uliowaleta watakula nini?"

Mwaka 1976 alihamia Kibaoni kujifunza ushonaji, mwaka 1979 akapata cherehani yake mwenyewe, na hapa sioni mtu ambaye hajawahi kuvaa suruali yake au kuolewa akiwa na gauni lake. Tarehe 6 Oktoba 1984 alifunga ndoa na Jane, binti wa Mchombe, huyu hapa mnayemwona ameinama, wakajaliwa watoto wawili, William na Dorika, na wajukuu watano.

Mwaka 2015 lilipofunguliwa jumba la makumbusho ya sanaa katika lile ghala la zamani la mpunga, lenye michoro na vinyago na mikeka yetu iliyotundikwa kama vile haikaliwi, walisema kila kiangazi, Jumamosi jioni, kuanzia Juni mpaka Septemba, wataonyesha sinema uani, bure, wote tunakaribishwa. Pazia la kuonyeshea alilishona Evarist, kwa kitambaa chake, majora mawili ya marekani nyeupe, akawaazima. Jumamosi ya kwanza ikaja sinema ya watu wa mbali, maneno yao yameandikwa chini kwa Kiswahili, yanapita mbio, na sisi akina mama tusiojua kusoma tukabaki tunatazamana, Evarist aliyekuwa amekuja kufunga kamba za pazia lake tu akasimama pembeni yake akaanza kusoma kwa sauti, mwanamke akilia analia yeye, mzee akikohoa anakohoa yeye, na tangu jioni ile, viangazi tisa, watu walitembea kutoka Mofu na mikeka kichwani kwenda kumsikiliza. Mkewe alikuwa akimwambia, "Baba William, jana ulimbembeleza yule mwanamke wa sinema mpaka majirani wakalia, mimi leo hata uji wangu hujausifu."

Sasa nafika pale panapouma, na Careen usisome haraka.

Tarehe 20 Julai 2024, Jumamosi, walionyesha sinema ya zamani iliyopigwa Mofu mwaka 1966 na wageni waliokuja na mashine zao, sinema isiyo na sauti wala maandishi, na mara akatokea mama yetu, mama Dorotea, aliyekufa mwaka 1996, ambaye hatukuwa na picha yake hata moja kwa sababu nyumba yetu ilichukuliwa na mafuriko na kila kilichokuwamo, yuko pale, ungo mkononi, mpunga umeanikwa mbele yake, anageuka, anatutazama, midomo inacheza. Evarist akafungua mdomo, ikatoka sauti ya mama yenyewe, ile ya puani, "Hamjambo wanangu, karibuni." Na uwanja mzima, watu wa Mofu, wa Kibaoni, mimi mwenyewe na magoti yangu haya, tukasimama, tukaitikia, "Hatujambo mama, shikamoo!" Wengine wakaanguka kulia, kwa sababu mtu wako akikusemesha unakaa unamtazama tu, wewe ni gogo?

Meneja wa makumbusho akazima mashine. Akasema, "Jamani, hapa si msibani, hapa ni mahali pa sanaa, kuna wageni wametoka mbali." Mama yetu akakatwa katikati ya kugeuka.

Jumamosi iliyofuata tukakuta karatasi ukutani, Careen akanisomea, "Watazamaji wanaombwa kukaa kimya," na Evarist amepewa koti la ulinzi na kuwekwa getini, mgongo kwa pazia alilolishona. Nikamwambia, "Livue, uje nyumbani," akasema, "Dada, nikiwa ndani ya uzio, iko siku wataionyesha tena." Aliomba waionyeshe mara moja tu, akaomba tena, akaomba na kofia mkononi, mzee wa miaka sitini na sita, akajibiwa kuwa ile ni mali ya makumbusho na haipo kwenye ratiba.

Mlidhani anataka kumwona mama tu. Hapana. Kuanzia Machi mwaka huu moyo ulipoanza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa mara tatu, ni mimi niliyekaa kitandani kwake, akaniambia, "Dada, nilimsemea mama uongo. Sikutaka kuwaaibisha wageni, nikamfanya asalimie. Ikionyeshwa tena nitasema alichosema kweli, halafu niende." Nilijua anachosema, kwa sababu siku ile ya mwaka 1966 nilikuwa na miaka kumi na moja, nimesimama nyuma ya ile mashine, na yeye wa miaka minane amenishika mkono. Haikuonyeshwa. Alifariki tarehe 3 Septemba 2025, alfajiri, akiwa bado na deni hilo kwa mama yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompokea kila tulipompeleka, majirani wa Kibaoni waliolala chini nasi siku tatu, mafundi cherehani wenzake walioshona sanda, watu wa Mofu na Mchombe walioleta mchele na kuni, na mtani wetu Zakayo, aliyevaa lile koti tangu jana na kusimama mlangoni akiwadai waombolezaji tiketi, "Hakuna kulia, mama, hapa ni sanaa!" mpaka mjane akacheka, Mungu amlipe. Makumbusho pia tunawashukuru kwa shada, lakini kadi yake imeandikwa "Mlinzi wetu mpendwa," nami nimeitoa, ndugu yangu hakuwa mlinzi.

Lala, mdogo wangu, umesema vya kutosha, vilivyobaki niachie.

Najua mirathi haisemwi kabla ya matanga kuisha, lakini Alhamisi, mwili ungali hospitalini, alitumwa mtu kuulizia pazia kwa ajili ya sinema ya leo jioni, basi ukoo ulikaa jana na umeamua. Cherehani ni ya William. Pazia ni la Dorika, amekwisha kulifungua leo asubuhi, liko hapa, ndilo lililofunika jeneza. Koti atarudi nalo meneja, tunamwona amekaa pale nyuma, karibu, baba, Zakayo atakuvulia.

Na maneno ya mama yetu nimeyarithi mimi. Picha mnayo ninyi wa makumbusho, mmeifungia, lakini midomo ile haisomeki na mtu mwingine aliyebaki duniani, na kwa niaba ya Evarist nayasema leo mbele ya jeneza lake. Mama hakumsalimia mtu siku ile. Wale wageni walikuwa wamesimama na mashine yao juu ya mpunga wetu ulioanikwa, naye akageuka na ungo wake akawaambia:

"Vueni viatu. Mmekanyaga chakula cha wanangu."