Fundi Aliyefuga Mtandamboo

Waombolezaji, ndugu, majirani, na nyinyi wateja ambao nguo zenu bado zimo kabatini mwake, haya yalipaswa kusomwa na mjukuu wa marehemu mwenye digrii, lakini mjukuu huyo aliandika kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mpole na mpenda watu, maneno ambayo husemwa hata juu ya mtu aliyempiga mama mkwe wake, kwa hiyo familia ikamgeukia dada mkubwa wa marehemu, ambaye aliishia darasa la tatu, ana goti bovu, na hakuwa na hamu hata chembe ya kusimama juani kuwasomea watu mambo waliyoyaona kwa macho yao. Ila kama ni lazima yasomwe, basi yatasomwa yalivyokuwa, na mtu asimkonyeze afupishe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, akiwa kitinda mimba wa dobi na muuza maziwa, na ingawa cheti chake kinasema alizaliwa mwezi Juni, cheti hicho kiliandikwa na mtu ambaye hakuwepo, na dada yake alikuwepo, ndiye aliyechemsha maji.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la saba bila kumbughudhi mtu, na mwalimu wake wa hesabu alikuwa akisema kichwa cha mtoto huyu ni kizuri isipokuwa kinashinda dirishani, jambo ambalo ni kweli, kwa sababu nje ya dirisha kulikuwa na kilima, na kilimani kulikuwa na mitandamboo. Kwa wasioujua, mtandamboo ni kichaka cha mwituni chenye miiba, mvua inyeshe isinyeshe chenyewe ni kijani tu, kina maua meupe ya kunukia na matunda madogo ambayo yakiwa mabichi hutoa utomvu wa kugandisha midomo kama gundi, na yakiiva huwa meusi, matamu, na rangi yake haitoki kwenye shati jeupe mpaka siku ya kiama. Marehemu aliyapenda matunda hayo kuliko alivyompenda mwalimu wa hesabu.

Mwaka 1965 alipelekwa kwa mjomba wake kujifunza kushona, na mwaka 1972 akafungua duka lake mwenyewe katika chumba cha mbele cha nyumba ileile ambamo leo tumemtoa, cherehani ya miguu chini ya dirisha la barabarani, meza ya kukatia katikati, na dirisha jingine dogo la kutazama uani. Alikuwa fundi hodari na mwongo wa tarehe kama mafundi wote, na siku alipodondosha tunda la mtandamboo kwenye gauni la bibi harusi saa chache kabla ya kulikabidhi, alishona ua la kitambaa juu ya doa, kisha akashona jingine upande wa pili ili lionekane limekusudiwa, na msimu uliofuata kila bibi harusi wa mtaa huu alidai maua mawili kiunoni.

Mwaka 1975 alifunga ndoa na huyu mjane mnayemwona, baada ya kumchumbia kulekule kilimani, wakichuma matunda chini ya ulinzi wa kaka yake bibi, kijana karani wa ofisi ya maji, aliyetumwa kuhakikisha wachumba hawafanyi upuuzi, akatimiza kazi hiyo kwa kuwapa mgongo na kula matunda yote. Shemeji huyo ndiye yule ameketi safu ya mbele, mikono magotini, hajainuka tangu asubuhi hata kupokea wageni, na mtamsikia tena.

Baada ya harusi marehemu aliamua kuuleta mtandamboo nyumbani, uwe ua wa nyumba na tunda la mezani, akang'oa miche kilimani akaipanda uani, akaiwekea samadi, akaimwagilia asubuhi na jioni, akaijengea kivuli, akaisemesha, na yote ikafa. Akaleta mingine, akazidisha maji, nayo ikafa haraka zaidi. Mkewe, aliyekuwa akimtazama huku akila matunda na kutema mbegu nyuma ya bafu, siku moja alimshika mkono akampeleka nyuma ya bafu, mahali ambapo hapakuwekwa samadi wala kusemeshwa, na mitandamboo ilikuwa imeota yenyewe, imesimama wima kama askari. Tangu hapo marehemu alipenda kusema mtoto wa mwituni akibembelezwa anakufa, akitemwa anaota, na akalea kwa msemo huo watoto watatu, binti muuguzi, kijana dereva wa lori, na wa mwisho ambaye anasema yumo kwenye biashara, na sisi tumeacha kuuliza.

Wakawa wanatema mbegu kuzunguka nyumba nzima, na ua ulioota ulichukua miaka kuzaa, lakini ulipozaa ulizaa, ukazunguka nyumba mbuzi asipite wala mwizi, mjane akawa anatengeneza sharubati na jamu, na watoto wa mtaa wakawa wanarudi makwao midomo myeusi. Hapo ndipo shemeji alipohamia nyumba ya jirani, na haukupita msimu, mtaani kukazuka habari kwamba mtandamboo wa kilimani hauna neno, lakini huu wa uani umekunywa maji ya bafu, mizizi imevuta sumu, na tunda lake likimwingia mtoto tumboni, mtoto haoni wiki. Habari ilisemwa na mtu wa ofisi ya maji, nani abishane naye juu ya maji? Wazazi wakawachapa watoto, watoto wakaukimbia ua, na mwishowe wenye nyumba wakaitana kikao uani kwa marehemu, jirani mwenye bucha akaja na panga lake kabisa, kwamba kichaka king'olewe leo leo.

Marehemu hakuwa msemaji. Aliingia ndani, akatoka na bakuli la matunda, akala mbele yao mpaka likaisha, akalamba vidole. Mwenye bucha akasema sumu ya namna hiyo haiui papo kwa papo, tungoje kesho. Kesho yake walipofika kutazama maiti, walimkuta kwenye cherehani yake, na kila aliyechungulia dirishani akakabidhiwa suruali aliyoitelekeza tangu mwaka uliopita. Kichaka kikapona, lakini hofu haikuisha, watoto waliendelea kukatazwa, na hapo ndipo pa ajabu, matunda yasiyoliwa na mtu yakawa yanaiva na kutoweka. Mjane akilalamika, marehemu alikuwa akijibu, "Ndege hao, mke wangu," na kuendelea kushona.

Sasa kuhusu ndege hao. Kila msimu wa matunda, shemeji alikuwa akileta suruali moja kushonwa, imechanika makalioni, na kila mara alieleza kwamba kiti chake cha ofisini kina msumari. Fundi anajua mchaniko wa msumari, huwa mmoja na umenyooka, na anajua mchaniko wa mwiba wenye panda, kama wa mtandamboo, lakini alishona akanyamaza, kwa kuwa mtu hamuumbui kaka wa mke wake, na kwa kuwa, alivyomwambia dada yake, suruali ile ilikuwa inamfurahisha. Mwaka 2004 shemeji alistaafu, akaagwa, akapewa saa ya ukutani. Msumari wa ofisini ukaendelea kumchana mpaka mwaka huu.

Marehemu alianza kuugua koo Januari mwaka jana, na kufikia mwaka huu ikawa chakula hakipiti, chai inamkwama, kinachoteremka ni sharubati ya mtandamboo peke yake, na mjane akaapa kwamba msimu ukifika mumewe atakunywa mpaka aseme basi. Msimu ukafika, mjane akaenda uani na bakuli, akarudi na matunda ya kujaza kiganja, tena nusu yake mabichi. Siku hiyo marehemu hakusema ni ndege. Aliomba kitanda chake kiletwe chumba cha kushonea, kando ya lile dirisha dogo.

Mchana wa siku ya tatu, watu wakiwa wamejilaza, ua ulitikisika, na shemeji, mtu wa miaka sabini na kitu, akaonekana ameingiza kichwa na mikono upande wetu, makalio yamebaki kwake, miiba imemkamata mbele na nyuma, hatoki wala haingii, na midomo myeusi tititi. Marehemu, ambaye sauti ilikuwa imemwisha, aliipata mahali. "Shemeji, huo ndio msumari wa ofisini?" Shemeji akasema alikuwa anafukuza ndege. Marehemu akacheka mpaka binti yake muuguzi akaja mbio akidhani ndiyo safari, akamkuta baba analia machozi ya kicheko, na mjane amesimama uani mkono kiunoni, anamwambia kaka yake, "Kaa hapohapo, mtu na sumu yake."

Hukumu ilitolewa dirishani kabla hajakwanyuliwa, kwamba apande kilimani kila asubuhi kumchumia mgonjwa, na kwamba awaite watoto wa mtaa awaambie ukweli kwa kinywa chake. Alipanda, tumpe haki yake, na marehemu alikunywa sharubati mpaka asubuhi ya tarehe 9 mwezi huu alipotutoka, glasi ikiwa nusu. Watoto nao aliwaambia, na jana wameumaliza ua, hawakumwachia shemeji hata bichi moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kumfokea, majirani waliobeba maji na viti, akiwemo mwenye bucha, ambaye safari hii amekuja bila panga, na mafundi wenzake waliofunga maduka yao leo, ingawa wateja wao wanajua yangefungwa hata hivyo.

Lala, mdogo wa dada yako, bila kubembelezwa, kama ile miche ya nyuma ya bafu.

Limebaki moja, urithi wa shemeji, ambalo marehemu aliagiza lisomwe mwisho. Leo alfajiri shemeji alikwenda uani kukata tawi la kuweka kaburini, jambo jema, ua ukamfanya kama kawaida, ndiyo sababu hajasimama. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Shemeji, sogea uchukue sindano na uzi mweusi aliokuachia, upe ukuta mgongo tusikuone, ushone suruali yako mwenyewe, maana aliyekuwa akikushonea na kukunyamazia ndiye huyu tunayemzika.